Agathe Uwilingiyimana, Mwalimu Aliyeshika Serikali ya Rwanda

Julai 1993, ndani ya wiki moja na siku moja, nchi mbili jirani zilikabidhi serikali zao kwa wanawake kwa mara ya kwanza katika historia yao. Tarehe 10, mjini Bujumbura, Rais Melchior Ndadaye aliapishwa na kumteua Sylvie Kinigi kuwa waziri mkuu wa Burundi. Tarehe 18, mjini Kigali, mwalimu wa kemia aitwaye Agathe Uwilingiyimana aliingia ofisini akiwa waziri mkuu wa Rwanda. Kinigi alikuwa Mtutsi aliyeteuliwa na rais Mhutu. Agathe alikuwa Mhutu aliyekataa siasa za kuwatenga Watutsi. Kinigi alinusurika mapinduzi ya Oktoba mwaka ule. Agathe hakufika hata kumaliza mwaka: aliuawa tarehe 7 Aprili 1994, akiwa na miaka 40.

Siku hizi jina lake husikika zaidi Aprili, Rwanda inapoomboleza, na linaposikika huwa linatajwa pamoja na asubuhi ile aliyouawa. Naona tunamwonea tukiishia hapo. Waliomuua walijua vizuri walikuwa wanaua nini, na sababu zao zilikuwa zimejengeka miaka miwili kabla, tangu siku alipokaa kwenye kiti cha Wizara ya Elimu akaamua kwamba mtoto atakwenda sekondari kwa alama zake.

Alizaliwa tarehe 23 Mei 1953 huko Nyaruhengeri, upande wa Butare, kusini mwa Rwanda, katika familia ya wakulima. Akiwa bado mchanga, baba yake aliihamishia familia Kongo, ambayo wakati huo ilitawaliwa na Wabelgiji, akifuata kazi. Walirudi Butare Agathe akiwa na miaka minne. Sekondari aliisoma Notre-Dame de Cîteaux, shule ya wasichana yenye sifa kubwa, na mwaka 1973, akiwa na miaka 20, alipata cheti kilichomruhusu kufundisha.

Mwaka huo wa 1973 haukuwa mwaka mtulivu wa kuanzia maisha. Miezi ya mwanzo, wanafunzi na wafanyakazi Watutsi waliorodheshwa na kufukuzwa shuleni, vyuoni na maofisini, na Chuo Kikuu cha Butare kilikuwa miongoni mwa mahali fukuzafukuza hiyo ilikopamba moto. Kisha tarehe 5 Julai, Jenerali Juvénal Habyarimana alimpindua Rais Grégoire Kayibanda. Habyarimana alitoka Gisenyi, kaskazini-magharibi. Kayibanda na watu wake walikuwa wa Gitarama, katikati ya nchi. Tangu hapo Rwanda ikawa na mipasuko miwili: ule wa Wahutu na Watutsi, ambao dunia nzima imeusikia, na ule wa kaskazini na kusini, ambao wageni wengi hawakuuona kabisa.

Utawala mpya uliupa ubaguzi huo sura ya hesabu. Nafasi za sekondari, za chuo na za kazi serikalini ziligawanywa kwa mgawo wa kabila na mkoa. Watutsi walitengewa takriban moja kwa kumi. Zilizobaki hazikugawanywa sawa kwa Wahutu wote, kwa kuwa watoto wa Gisenyi na Ruhengeri ndio waliopata fungu nono. Kabila la mtu lilikuwa limeandikwa kwenye kitambulisho chake, utaratibu ulioanzishwa na Wabelgiji miaka ya 1930 na ambao serikali huru haikuwa imeuondoa. Katika mpango huu Agathe alikuwa wa kabila lililopendelewa na wa mkoa uliosahauliwa. Alijua kwa uzoefu wake upande ule wa dhuluma uliomgusa, na sidhani ilimhitaji kufikiri sana kuuelewa upande uliowagusa majirani zake.

Aliendelea na masomo ya hisabati na kemia, na mwaka 1976 akaanza kufundisha Butare. Mwaka huohuo aliolewa na Ignace Barahira, kijana wa kijijini kwao, na wakaja kupata watoto watano. Alipofika miaka 30 alikuwa amerudi chuo kikuu, na mwaka 1985 alihitimu shahada ya kwanza ya sayansi. Mama wa watoto kadhaa akiwa maabara ya kemia, Rwanda ya miaka ya 1980, lilikuwa jambo la kusemwa vijiweni. Mwanamke aliyeolewa hakuruhusiwa kufungua akaunti ya benki wala kufanya biashara bila idhini ya mumewe. Haki ya binti kurithi ardhi ya baba yake ilingoja sheria ya mwaka 1999. Agathe aliwahimiza wanafunzi wake wa kike wachukue hisabati na sayansi, na kwa hilo alilaumiwa. Hakuacha.

Kilichomtoa Butare kilikuwa ushirika wa akiba na mikopo. Aliuanzisha mwaka 1986 pamoja na wafanyakazi wenzake wa shule, walimu wa mishahara midogo waliokuwa wakikopeshana na kusaidiana. Ushirika ulisimama, habari zake zikafika Kigali, na huko wakubwa walikuwa wanatafuta watu wa kusini wa kuwapa vyeo ili kupoza manung'uniko ya upande ule. Mwaka 1989 aliitwa kuwa mkurugenzi katika Wizara ya Biashara. Inawezekana waliomwita walitaka jina la Butare kwenye orodha, basi. Walipata zaidi ya walichotaka.

Oktoba 1, 1990, wapiganaji wa RPF, wengi wao watoto wa wakimbizi Watutsi waliokulia Uganda, walivuka mpaka na vita vikaanza. Vita hivyo, pamoja na shinikizo la wafadhili na la Wanyarwanda wenyewe, vilimlazimisha Habyarimana kukubali katiba mpya ya Juni 1991 iliyoruhusu vyama vingi baada ya miaka mingi ya chama kimoja, MRND. Vyama vikafufuka na vingine vikazaliwa. Agathe alijiunga na MDR, chama kikubwa zaidi cha upinzani, chenye mizizi Gitarama na kusini. Aprili 1992 vyama vikuu vya upinzani viliingia serikalini kwa mara ya kwanza: Dismas Nsengiyaremye wa MDR akawa waziri mkuu, na Agathe akapewa Wizara ya Elimu ya msingi na sekondari.

Hapo ndipo alipofanya jambo ambalo, kwa maoni yangu, ni kubwa kuliko yote aliyoyafanya baadaye akiwa waziri mkuu. Alifuta mgawo. Nafasi za shule za serikali na misaada ya masomo zikawa zinatolewa kwa kufuata matokeo ya mtihani, aliyefanya vizuri mbele, aliyefanya vibaya nyuma, pasipo kuangalia kitambulisho cha baba wala mkoa wa mama.

Anayesoma leo anaweza kuona ni uamuzi wa kawaida wa wizara. Katika Rwanda ya 1992 ulikuwa unakata mzizi. Sekondari ndiyo iliyokuwa mlango wa pekee wa kutoka kwenye jembe, na nafasi zake zilikuwa chache mno kulinganisha na watoto waliomaliza msingi. Kwa karibu miaka ishirini ufunguo wa mlango huo ulikuwa mkononi mwa utawala: kwa mlango huo watu wa kaskazini walizawadiwa, wa kusini wakaadhibiwa na Watutsi wakazuiwa. Kuruhusu alama ziamue kulikuwa kumnyang'anya rais na watu wake chombo cha kutawalia. Na kibaya zaidi machoni mwao, kulibomoa hoja yenyewe kwamba mtu ni kabila lake kwanza. Vyama vya Wahutu wenye msimamo mkali havikumsamehe. Mwaka huohuo watu wenye silaha walivamia nyumba yake, wakampiga. Alipopata nafuu alirudi wizarani, na uamuzi ukabaki palepale.

Mwaka mmoja baadaye ukaja uwaziri mkuu, na mazingira ya kuupata hayakuwa ya shangwe. Mazungumzo ya amani kati ya serikali na RPF yalikuwa yakikaribia mwisho huko Arusha. Nsengiyaremye alikuwa amekosana na Habyarimana hadharani na muda wa serikali yake ulikuwa umekwisha. Tarehe 17 Julai 1993 Rais alikutana na vyama vitano, na mwenyekiti wa MDR, Faustin Twagiramungu, akakubali jina la Agathe. Sehemu kubwa ya chama haikukubali. Wiki hiyohiyo mkutano mkuu wa MDR ulimfukuza Twagiramungu uanachama, ukamchukulia hatua Agathe pia, na ukamtaja mtu wake wa kuwa waziri mkuu: mchumi wa Butare aitwaye Jean Kambanda. Jina hilo tulishike, tutalirudia.

Kuanzia hapo MDR ilikuwa vyama viwili ndani ya jina moja. Upande mmoja ulitaka amani ya Arusha. Upande wa pili ukajiita wa nguvu ya Wahutu, ukasogeleana na MRND, chama ambacho MDR ilikuwa imezaliwa upya kupingana nacho. Vyama vingine vya upinzani navyo vikapasuka hivyohivyo, kimoja baada ya kingine.

Tarehe 4 Agosti 1993 mkataba ukatiwa saini Arusha, Rais Ali Hassan Mwinyi wa Tanzania akiwa mwenyeji. Kwa upande wa serikali alisaini Habyarimana mwenyewe, na kwa RPF alisaini Alexis Kanyarengwe. Mkataba uligawa madaraka, ukaunganisha majeshi, ukawapa wakimbizi haki ya kurudi, na ukamtaja Twagiramungu kuwa waziri mkuu wa serikali ya mpito ambayo ilitakiwa kuundwa ndani ya siku 37. Yaani Agathe alikuwa anaitunza nafasi ya mtu mwingine. Na baada ya siku 18 tu ofisini, mapema Agosti, Rais alimfuta kazi rasmi.

Lakini hakuondoka, kwa kuwa hapakuwa na wa kumwachia. Serikali ya mpito haikuapishwa baada ya siku 37, wala baada ya miezi mitatu, wala sita. Agathe akabaki kaimu, akiongoza baraza ambalo nusu ya mawaziri wake walikuwa maadui zake, chini ya rais aliyekwishamfukuza, nje ya chama kilichomkana. Miezi minane. Nimejaribu kutafuta kiongozi mwingine wa eneo hili aliyekaa madarakani bila jeshi, bila chama na bila rais, nami simpati. Kilichokuwa nyuma yake kilikuwa karatasi ya Arusha na sheria ya nchi. Alikuwa na mishahara ya watumishi wa umma ya kutafuta katika hazina iliyokaushwa na vita. Alikuwa na wakimbizi wa ndani waliohesabika kwa mamia ya maelfu. Na kila siku alikuwa na redio.

Redio RTLM ilianza kurusha matangazo Julai 1993, mwezi uleule alioingia ofisini. Ilikuwa ya watu wa karibu na ikulu, na ilijua kuchekesha: muziki mtamu wa Kikongo, utani, halafu sumu katikati. Agathe alikuwa mmoja wa watu iliyowapenda zaidi kuwashambulia. Gazeti la Kangura la Hassan Ngeze lilikuwa limekwishatangulia kazi hiyo. Wanaume wa upinzani waliitwa wasaliti na vibaraka wa RPF. Agathe aliitwa hivyo, na juu yake akaongezewa matusi ya mwili wake, katuni za aibu na uvumi kuhusu nani alikuwa analala naye. Mwenye kufuatilia yaliyompata Aprili ataona kwamba matusi hayo yalikuwa maandalizi.

Oktoba 1993 mambo mawili yaligongana. Umoja wa Mataifa uliamua kupeleka walinda amani Rwanda, kikosi kilichoitwa UNAMIR, chini ya Jenerali Roméo Dallaire wa Kanada. Na tarehe 21, wanajeshi Watutsi wa Burundi wakamuua Rais Ndadaye, Mhutu wa kwanza kuchaguliwa kuongoza nchi ile, miezi mitatu baada ya kuapishwa. Sylvie Kinigi alikimbilia ubalozi wa Ufaransa, na kutoka humo akawa ndiye mkubwa aliyebaki wa serikali halali ya Burundi, akiishikilia nchi mpaka Februari iliyofuata. Kwa upande wa pili wa mto Kanyaru wa mpakani, kifo cha Ndadaye kilikuwa zawadi kwa wenye msimamo mkali. Siku mbili baadaye, kwenye mkutano wa hadhara Kigali, Froduald Karamira wa MDR alisimama na kuwaita Wahutu wote kuwa kitu kimoja dhidi ya adui. Umati ukaitikia nguvu ya Wahutu. Yule alikuwa makamu wa rais wa chama alichotoka Agathe.

Januari 11, 1994, Dallaire alituma New York simu ya maandishi juu ya taarifa za mtoa habari wake: silaha zilikuwa zimefichwa, Watutsi wa Kigali walikuwa wanaorodheshwa, na kulikuwa na mpango wa kuwaua baadhi ya askari wa Ubelgiji ili Ubelgiji iondoe jeshi lake. New York ikamzuia kufanya msako. Februari, Félicien Gatabazi wa chama cha PSD akapigwa risasi, na kesho yake huko Butare umati ukamuua Martin Bucyana wa CDR, chama cha Wahutu wenye msimamo mkali, kwa kulipiza kisasi. Machi ikapita na sherehe ya kuapisha serikali ya mpito ikiahirishwa tena.

Tarehe 6 Aprili Habyarimana alikuwa Dar es Salaam. Mwinyi alikuwa amewaita viongozi wa eneo hili wazungumzie Burundi, na Habyarimana alibanwa huko juu ya utekelezaji wa Arusha. Jioni alipanda ndege yake aina ya Falcon 50 kurudi nyumbani, akampa nafasi Rais Cyprien Ntaryamira wa Burundi. Saa mbili na dakika kama 20 usiku, ndege ikikaribia kutua kwenye uwanja wa ndege wa Kanombe, ilitunguliwa kwa makombora. Hakupona mtu. Mkuu wa jeshi la Rwanda, Jenerali Déogratias Nsabimana, alikuwa ndani yake pia. Waziri wa ulinzi alikuwa safarini Cameroon.

Usiku ule mwenye mamlaka halali ya serikali ya Rwanda alikuwa mmoja, na alikuwa nyumbani kwake Kiyovu na mumewe na watoto watano.

Dallaire alilijua hilo. Alipoitwa makao makuu ya jeshi alimkuta Kanali Théoneste Bagosora wa Wizara ya Ulinzi amekaa kwenye kiti cha mwenyekiti, akieleza kwamba jeshi litashika hatamu kwa muda. Dallaire akamwambia kwamba Rwanda ina waziri mkuu na kwamba ni yeye wa kulihutubia taifa. Bagosora akakataa katakata. Wakaenda pamoja kwa mwakilishi wa Umoja wa Mataifa, Jacques-Roger Booh-Booh, ambaye naye aliwaambia habari ileile ya waziri mkuu, na Bagosora akakataa tena. Agathe alipoongea na Dallaire kwa simu alikuwa na ombi moja: apelekwe Radio Rwanda alfajiri, awaambie wananchi watulie na kwamba serikali ipo.

Nafikiri hapa ndipo panapostahili kutuliwa. Angeweza kujificha usiku uleule. Giza lilikuwepo, na majirani zake walikuwa wafanyakazi wa mashirika ya kimataifa. Alichagua kusubiri gari la kumpeleka redioni. Mtu ambaye rais alimfuta kazi na chama kilimkana aliamua kwamba wajibu wa ofisi ile ulikuwa bado wake mpaka atakapoukabidhi kwa mwingine kwa sheria. Na Bagosora, kwa namna yake, alikubaliana naye: ndiyo maana hakuweza kumwacha azungumze. Sauti ya waziri mkuu hewani ikisema serikali ipo ingewavua wauaji nguo waliyotaka kuivaa, ile ya kusema nchi haina mwenyewe na jeshi linaokoa jahazi. Kila mkuu wa wilaya na kila kamanda aliyekuwa anasitasita angekuwa na amri halali ya kuegemea.

Kanali Luc Marchal, kamanda wa Wabelgiji wa UNAMIR, alituma askari kumi chini ya Luteni Thierry Lotin waende kumsindikiza. Vizuizi vilikuwa vimejaa barabarani, na waliwasili karibu saa kumi na moja na nusu alfajiri, wakawakuta walinda amani watano kutoka Ghana waliokuwa zamu nyumbani hapo. Kikosi cha Ulinzi wa Rais kilikuwa kimeshaizingira nyumba na risasi zilikuwa zinapigwa. Kituo cha redio nacho kilikuwa mikononi mwa kikosi hichohicho. Agathe alipata kuzungumza kwa simu na redio ya Ufaransa, akaeleza kwamba watu wanatishwa, risasi zinasikika, na kwamba nchi inalipia kifo cha rais. Ndiyo hotuba pekee aliyoweza kuitoa.

Saa mbili na ushei asubuhi aliruka ukuta na familia yake, wakaingia kwenye makazi ya watumishi wa Umoja wa Mataifa. Watoto wakafichwa mahali pamoja, wazazi pengine. Askari wakaja wakipekua nyumba kwa nyumba. Inasimuliwa kwamba Agathe na mumewe walijitokeza wenyewe ili msako usiwafikie watoto. Aliuawa palepale, Ignace naye akauawa, na mwili wa Agathe ukadhalilishwa.

Wabelgiji kumi walinyang'anywa silaha, wakapelekwa pamoja na Waghana hadi Kambi Kigali. Waghana waliachiwa. Wabelgiji waliuawa wote. Mpango alioutolea taarifa Dallaire Januari ukatimia hatua kwa hatua: Ubelgiji ikaondoa jeshi lake, na tarehe 21 Aprili Baraza la Usalama likapitisha azimio 912 la kuipunguza UNAMIR ibaki na watu wapatao 270. Wakati huo mauaji yalikuwa yameenea karibu nchi nzima.

Asubuhi ile Agathe hakuuawa peke yake miongoni mwa viongozi. Joseph Kavaruganda, rais wa mahakama ya katiba, alichukuliwa nyumbani kwake. Landoald Ndasingwa wa chama cha PL aliuawa pamoja na mkewe na watoto. Mawaziri Faustin Rucogoza na Frédéric Nzamurambaho nao waliuawa. Ukiwapanga majina yao utaona walikuwa miongoni mwa watu ambao kwa sheria wangeweza kuapisha serikali, kuapishwa au kuizuia nyingine isiapishwe. Siku mbili baadaye serikali mpya ikaapishwa, na waziri mkuu wake akawa Jean Kambanda, yule aliyepigiwa kura na mkutano wa MDR Julai iliyopita. Katika baraza lake alibaki Pauline Nyiramasuhuko, waziri wa familia na maendeleo ya wanawake, mzaliwa wa Butare kama Agathe, aliyekuwa amekaa naye meza moja ya baraza la mawaziri. Serikali hiyo ndiyo iliyosimamia mauaji ya kimbari. Umoja wa Mataifa unakadiria waliouawa ndani ya siku mia kuwa karibu 800,000. Rwanda yenyewe huhesabu zaidi ya milioni moja.

Watoto watano walipona. Kapteni Mbaye Diagne wa Senegal, mwangalizi wa UNAMIR asiye na silaha, aliwakuta walipofichwa, akawapakia kwenye gari lake na kuwavusha vizuizi hadi hoteli ya Mille Collines. Kutoka huko waliondolewa nchini, wakafika Uswisi. Diagne aliendelea kuokoa watu kwa namna hiyohiyo, wachache wachache, akitumia sigara, utani na ujasiri wake, mpaka tarehe 31 Mei kombora lilipomuua kwenye kizuizi. Mwaka 2014 Baraza la Usalama liliunda nishani ya ushujaa yenye jina lake.

Haki ilikuja Arusha, mji uleule wa mkataba. Mahakama ya kimataifa ya jinai kwa Rwanda ilimsikiliza Kambanda akikiri makosa, na mwaka 1998 ikamfunga maisha, mkuu wa kwanza wa serikali duniani kuhukumiwa na mahakama ya kimataifa kwa mauaji ya kimbari. Desemba 2008 ilimtia Bagosora hatiani, na kifo cha Agathe kilikuwa miongoni mwa makosa aliyohukumiwa nayo. Alipewa kifungo cha maisha, rufaa ikakipunguza kuwa miaka 35, na alifia kifungoni Mali mwaka 2021. Nyiramasuhuko alihukumiwa mwaka 2011, mwanamke wa kwanza kutiwa hatiani kwa mauaji ya kimbari na mahakama ya kimataifa. Meja Bernard Ntuyahaga, aliyewachukua Wabelgiji kuwapeleka kambini, alijisalimisha Arusha mwaka 1998, kesi yake ikaondolewa, Tanzania ikakataa kumkabidhi Rwanda, na mwishowe alihukumiwa Brussels mwaka 2007 kifungo cha miaka 20.

Agathe amezikwa kwenye makaburi ya mashujaa wa taifa, Remera, na yumo katika daraja la mashujaa liitwalo Imena, pamoja na Mfalme Mutara Rudahigwa na wanafunzi wa Nyange waliokataa kutengana kwa kabila mbele ya bunduki mwaka 1997. Jina lake limepewa pia tuzo ya FAWE, jumuiya ya wanawake wanaelimu wa Afrika yenye makao Nairobi, inayotolewa kwa miradi ya kuwapeleka wasichana shule.

Tarehe 19 Julai 1994 Faustin Twagiramungu aliapishwa kuwa waziri mkuu, nafasi ambayo Agathe alikuwa akimtunzia. Baada yake wamekuja Rwigema, Makuza, Habumuremyi, Murekezi, Ngirente na Nsengiyumva. Wanawake leo ni zaidi ya nusu ya wabunge wa Rwanda, sehemu kubwa kuliko katika bunge lolote duniani. Katika ofisi ya waziri mkuu, bado amepita mmoja tu.